Mabaki ya Viwanda katika Kuta za Nyumba

Kusini mwa Kongo, katika mji wa Lubumbashi ambao wenyeji wake wana Kiswahili chao wenyewe, uko mlima mweusi ambao haukuletwa na volkano wala haukuchongwa na mito, bali umerundikwa na watu tangu mwaka 1911, yalipowashwa matanuri ya shaba ya kampuni ya Union Minière, na kila shehena ya shaba iliyosafirishwa ng'ambo ikaacha nyuma yake mzigo wa mawe yaliyoyeyushwa, yakapoa, yakatupwa. Kwa miaka karibu tisini mlima huo ulihesabiwa kuwa ni uchafu mtupu. Kisha, karne ya ishirini ilipokuwa ikimalizika, wakaja watu wenye matanuri mapya, wakaanza kuumega na kuuyeyusha mara ya pili ili wapate kobalti iliyokuwamo ndani yake, ambayo wazee wa 1911 hawakuishughulikia. Walakini udongo wa mitaa iliyo karibu na bomba la matanuri yale ya kwanza umekutwa na risasi, kadimi na madini mengine mazito, yaliyoshuka pamoja na moshi na vumbi la miaka mingi. Kazi moja imezaa hazina na sumu kwa wakati mmoja, nayo yatosha kumwonyesha msomaji ugumu wa suala ninalokusudia kulichambua: je, mabaki ya viwanda na migodi yafaa kujengea nyumba za watu, na kama yafaa, ni yepi, kwa sharti gani, na kwa dhamana ya nani?

Suala hili halikuzuliwa na wataalamu kwa kujifurahisha. Ulimwengu hivi sasa hutengeneza saruji kiasi cha tani bilioni 4 kwa mwaka, na asili ya saruji ni chokaa, na chokaa haipatikani ila kwa kulichoma jiwe lake mpaka liiachie hewa ya ukaa iliyomo: katika kila kilo 1,000 za jiwe safi, kilo 440 hupaa angani na kilo 560 tu ndizo zibakizo tanurini, hata kabla hujahesabu moshi wa makaa yaliyochomea. Ndiyo sababu saruji peke yake hukadiriwa kutoa asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa itokayo katika kazi za wanadamu. Fauka ya hayo, mchanga na kokoto zinazochimbwa duniani hukadiriwa kufikia tani bilioni 50 kwa mwaka, na atakaye kuona maana ya hesabu hiyo atazame mabonde ya mito yetu yalivyoliwa na sepetu na malori.

Upande mmoja, basi, twaipasua ardhi kutafuta vya kujengea, na upande wa pili twairundikia tusivyovitaka. Na marundo hayo hayakai kimya. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, rundo la mabaki ya mgodi wa makaa ya mawe lililokuwa limelowa maji liliiporomokea shule na nyumba zilizo kando yake, likaua watu 144, na 116 miongoni mwao walikuwa watoto. Mwaka 2010, huko Ajka katika Hungaria, lilipasuka bwawa la tope jekundu, ambalo ni mabaki ya kiwanda cha alumina, watu 10 wakafa. Na tarehe 25 Januari 2019 bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma huko Brumadinho, Brazili, liliangamiza watu 270. Mtu akiikumbuka misiba hiyo hawezi kuyaona marundo ya viwanda kuwa ni jambo la sura ya mji tu.

Rai yangu, nayo ndiyo nitakayoifuata, ni kwamba swali la iwapo mabaki yaweza kugeuzwa vifaa vya ujenzi lilikwisha kujibiwa zamani, na kwamba lililobaki, nalo ndilo zito, ni la nasaba ya mabaki yenyewe: yametoka wapi, yamepita moto wa namna gani, yamebeba nini ndani yake, na nani aliyeyapima akaweka sahihi yake. Likijulikana hilo, mengi kati ya yale tunayoyatupa yana haki ya kuingia ukutani. Lisipojulikana, hata tofali zuri machoni ni dhuluma kwa atakayelala kando yake.

Wala wazo lenyewe si geni kwa watu wa Bahari ya Hindi. Warumi, ambao ndio wanaotajwa kwanza katika vitabu, walichanganya chokaa na majivu ya volkano yaliyochimbwa karibu na Pozzuoli, wakapata mchanganyiko ulioganda hata chini ya maji ya bahari. Lakini Waomani nao walichoma udongo, wakausaga, wakautia katika chokaa, wakapata kile wanachokiita saruji kwa matamshi yao, sarooj, na kwa hicho wakasakafia mifereji ya aflaji na kuziba kuta za ngome. Waashi wa pwani yetu walipanga magogo kwa duara, wakaweka vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto, kisha wakaizima chokaa kwa maji na kuiacha ilale kwa miezi kabla ya kuigusa. Na huko Unguja wakaichanganya na udongo mwekundu katika kuta nene ambazo nyingi zingali zimesimama. Siri ya Warumi na Waomani ilikuwa moja. Chokaa peke yake hukauka polepole kwa kuvuta hewa, na maji yakiikuta ingali changa huiharibu. Lakini ikikutana na silika iliyopitishwa motoni, ambayo umbile lake limevurugika na kupozwa kabla haijawahi kujipanga tena, hushikana nayo na kufanya gundi ileile iishikayo saruji ya leo. Mchanga wa ufukweni una silika tele, ila silika yake imekwisha kutulia, haishikani na chokaa hata ukingoja miaka. Ya majivu ya volkano, ya udongo uliochomwa na ya majivu ya matanuri haijatulia, na ndiyo maana hufaa.

Kiwanda cha kwanza kilichoitumia kanuni hiyo kwa wingi ni cha chuma. Mawe ya chuma yakiyeyushwa katika tanuri refu pamoja na makaa na jiwe la chokaa, chuma hushuka chini kwa uzito wake na juu yake huelea uji wa mawe, uitwao slagi, kiasi cha kilo 300 kwa kila tani ya chuma. Ukimwagwa uwanjani na kuachwa upoe kwa taratibu zake, uji huo huwa jiwe la kawaida la kutandikia reli na barabara. Mwaka 1862 Mjerumani Emil Langen alibaini kwamba uji huohuo, ukipozwa ghafla kwa maji hata ukavunjika kuwa chembe za kioo mfano wa mchanga, kisha zikasagwa na kutiwa chokaa, huganda ukawa saruji. Kitu ni kilekile, tanuri ni lilelile, na lililoutenga uchafu na mali ni namna ya kupoza tu. Alifahamuye hilo amefahamu nusu ya elimu hii, kwa kuwa kazi ya kuyafanya mabaki yafae haianzi kwa mwashi aliyeletewa mzigo mlangoni pake, bali huanza kiwandani, saa ileile mabaki yanapotoka motoni. Leo kanuni za Ulaya, ambazo Afrika Mashariki imezifuata katika kanuni yake ya pamoja, zaruhusu saruji ya aina ya tatu kuwa na slagi kuanzia asilimia 36 hadi 95, nayo husifiwa hasa katika majengo ya bandarini, kwa sababu huichelewesha chumvi ya bahari isizifikie nondo.

Hata hivyo, slagi itokayo katika kukigeuza chuma kuwa feleji ni habari nyingine, ingawa jina ni moja. Ndani yake mna chokaa na magnesia zisizoshikana na kitu, ambazo zikinywa unyevu hufura. Sakafu iliyotandikwa juu yake kabla haijakaa nje kwa miezi ikanyeshewa na mvua huinuka na kupasuka baada ya muda, mwenye nyumba asijue alichokosea fundi wake.

Baada ya chuma ukaja umeme. Makaa ya mawe yakisagwa na kupulizwa ndani ya tanuri la boila, udongo uliomo ndani yake huyeyuka hewani na kupoa katika umbo la vitufe vidogo vya kioo, vyepesi hata hupaa pamoja na moshi, navyo ndivyo majivu ya makaa. Wamarekani walivitumia kwa wingi katika zege la bwawa la Hungry Horse, Montana, lililoanza kujengwa mwaka 1948 na kumalizika 1953, na sababu yao mojawapo ilikuwa kupunguza joto la zege nene linapoganda. Mahali ambapo majivu haya hayakutumiwa yaliwekwa mabwawani, na katika usiku wa tarehe 22 Desemba 2008 ukuta wa bwawa moja la namna hiyo huko Kingston, Tennessee, ulivunjika, na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za majivu na maji zikaufunika mto na ardhi ya kando yake.

Darasa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko India. Makaa ya nchi ile yana majivu mengi mno, aghalabu asilimia 30 hadi 45 ya uzito wake, hata ikawa majivu yanayopatikana kwa mwaka ni zaidi ya tani milioni 200. Mwaka 1999 serikali ilitoa amri kwamba mtengeneza matofali aliye ndani ya kilomita 50 za kituo cha umeme wa makaa asitumie udongo wa shamba peke yake, bali autie majivu yasiyopungua asilimia 25. Mwaka 2003 masafa yakawa kilomita 100, na mwaka 2016 yakafika 300. Ninachokipenda katika amri hiyo si tarakimu zake, ambazo mara nyingi zilivunjwa, bali ni kwamba iliwafunga wote wawili: mwenye kituo alazimike kuyatoa majivu, na mjenzi alazimike kuyapokea. Kutokana nayo yalizaliwa matofali ya majivu yasiyochomwa kabisa, yanayofyatuliwa kwa kuchanganya majivu, mchanga, chokaa au saruji, na jasi kidogo, yakashindiliwa kwa mashine na kumwagiwa maji mpaka yakakomaa. Udongo wa juu wa mashamba ulipona, na kuni na makaa ya kuchomea yakapona.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huenda akasema kwamba hayo ni ya wenye makaa na chuma, sisi hayatuhusu. Naomba aende katika duka la vifaa vya ujenzi, augeuze mfuko wa saruji wa kilo 50, asome maandishi ambayo wanunuzi huyapita. Atakuta herufi mfano wa CEM II/B-P 32.5 au CEM IV/B-P 32.5. Ile 32.5 ni nguvu ambayo saruji yatakiwa kuifikia siku ya 28. P ni pozolana, yaani majivu na mawe ya volkano. Na B yaonyesha kiasi chake, ambacho katika aina ya pili ni asilimia 21 hadi 35 na katika aina ya nne ni 36 hadi 55. Ingekuwa S mahali pa P, ingekuwa ni slagi. Ingekuwa V, ingekuwa ni majivu ya makaa ya mawe. Kumbe wengi wetu tumekwisha kulala miaka mingi katika nyumba ambazo theluthi, au hata nusu, ya saruji yake haikupita katika tanuri la saruji. Pozolana ya nyanda za Mbeya, au ile ya pande za Athi River, si mabaki ya kiwanda, lakini hufanya kazi kwa kanuni ileile, na nchi iliyozoea kuisaga na kuipima haina sababu ya kuogopa majivu mengine yenye tabia hiyo.

Mafundi huilalamikia saruji hii kwamba ni nyepesi, kwamba haishiki. Lalamiko lao lina msingi, ila sababu siyo waidhaniayo. Pozolana hungoja chokaa ambayo saruji yenyewe huitoa ikianza kuganda, ndipo nayo ianze kazi yake. Kwa hiyo huchelewa, na katika kuchelewa huko huhitaji maji. Tofali lililofyatuliwa asubuhi kando ya barabara, likaachwa juani, likanyunyiziwa kopo moja la maji jioni, likapakiwa siku ya tatu, limenyimwa nafasi: ukilikwaruza kwa msumari hutoa unga, na ukiliangusha kutoka kiunoni hukatika. Tofali la mchanganyiko uleule lililofunikwa magunia yaliyolowa kwa siku saba, kisha likaachwa kivulini mpaka siku ya 28, msumari huteleza juu yake. Nimeliona jambo hili katika uwanja mmoja, marundo mawili yakiwa hatua chache baina yake, nami naamini kwamba nusu ya chuki ya watu dhidi ya vifaa vya mabaki ni chuki ya tofali lisilopewa maji.

Basi tunacho nini sisi wenyewe? Tanuri refu la chuma hatuna. Viwanda vyetu vingi huyeyusha vyuma chakavu, na slagi yao si ile ya Langen. Majivu ya makaa ya mawe nayo ni machache: leseni ya mradi wa umeme wa makaa wa Lamu ilifutwa mwezi Juni 2019, na makaa ya Ngaka, mkoani Ruvuma, yamekuwa yakipelekwa kwa wingi katika matanuri ya saruji, ambamo majivu hayatoki nje bali huyeyuka pamoja na mawe na kuwa sehemu ya saruji. Vumbi la mashine za kokoto limekwisha kuchukua nafasi ya mchanga wa mto katika matofali mengi ya Kenya, na hilo ni jema lisilohitaji maneno mengi.

Utajiri wetu wa kweli ni mabaki ya mazao yaliyopita kiwandani, na la kwanza kati yake ni pumba za mpunga. Mpunga ukikobolewa, katika kila kilo 1,000 hutoka kiasi cha kilo 200 za pumba ngumu, na pumba hizo zikiungua hubaki kilo 40 hivi za majivu, ambayo zaidi ya sehemu nne kwa tano zake ni silika. Nyuma ya mashine za kukoboa huko Mbarali, Kyela, Ifakara na Mwea pumba hurundikwa hata zikafikia mapaa, zikawaka moto wa chinichini, moshi ukawasumbua majirani kwa siku nyingi. Wachoma matofali ndio walioziheshimu mapema, kwa kuzijaza ndani ya tanuru mahali pa kuni, wakaiokoa miti mingi. Lakini majivu yabakiayo huachwa yapeperuke. Hapa nasaba ya mabaki hudhihirika waziwazi kuliko mahali pengine po pote. Pumba zikichomwa kwa moto wa wastani, usiozidi daraja 700 hivi za Selsiasi, majivu hutoka meupe au ya kijivu hafifu, na silika yake ingali tayari kushikana na chokaa. Zikichomwa kwa moto mkali wa muda mrefu, kama ule wa moyo wa tanuru la matofali, silika hujipanga upya kuwa fuwele, ikafanana na mchanga wa pwani kwa kutofaa, na juu ya hayo vumbi lake likawa hatari kwa mapafu ya mwenye kuyasaga. Zikiungua nusu, majivu huwa meusi kwa kaa lililosalia, nalo hunywa maji ya zege. Pumba za jaruba moja, zilizokobolewa siku moja, zaweza kuwa dawa ya saruji au zisiwe kitu, na jicho la mnunuzi halitamwambia lo lote ila rangi. Yakiwa ni yale mema na yamesagwa vizuri, watafiti wa nchi nyingi wamekubaliana kwamba yaweza kuchukua nafasi ya asilimia 10 mpaka 20 ya saruji bila zege kupungukiwa na nguvu, na mara nyingine likazidi kwa kutopenya maji. Majivu ya makapi ya miwa, ambayo viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi huyachoma katika boila zao, ni ya jamaa hiyohiyo, na yana fadhila moja zaidi, nayo ni kwamba boila ya kiwanda hupimwa na kuangaliwa na wahandisi, ilhali rundo la pumba haliangaliwi na mtu.

Mkonge nao una darasa lake, tena la masikitiko. Nyuzi ni asilimia 4 au 5 tu ya jani zima, na katika miaka ya 1980 nyuzi fupi zilizobaki kiwandani zilitumiwa, Kenya na kwingineko, kutilia nguvu mabamba ya saruji ya kuezekea, kwa matumaini kwamba yatamwondolea maskini gharama ya bati na hatari ya asbesto. Mabamba yalitoka vizuri, mepesi kubebwa, yakastahimili kukanyagwa. Lakini ukali wa magadi uliomo katika saruji huila gundi ya asili inayoshikanisha chembe za uzi, na baada ya miaka michache uzi hubaki jina tu, bamba likapasuka kwa jua na kwa mtikisiko mdogo wa upepo. Waliokuja baadaye wakageukia vigae vidogo visivyotiwa nyuzi. Mabaki yalikuwa safi na nia ilikuwa safi. Kilichokosekana ni kujaribiwa kwa muda wa kutosha kabla ya kuwafunika watu.

Nafika sasa katika jambo ambalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Katika mji wa Grand Junction, Colorado, kilikuwako kinu cha urani kilichofanya kazi kuanzia 1951 hadi 1970. Kinu kilikamua urani na kuuacha mchanga: umesagwa tayari, uko karibu na mji, tena haulipiwi. Waashi walileta malori, wakaujaza chini ya sakafu, wakauzungushia misingi, wakautia katika zege na katika mchanganyiko wa kujengea matofali. Hapakuwa na hila wala wizi. Mwenye kinu alifurahi rundo lake kupungua na mjenzi alifurahi kupata mchanga wa bure, na hivi ndivyo linavyosimuliwa kila jambo la kutumia tena mabaki, kwamba wote wawili wamefaidika. Lakini radiamu ilibaki ndani ya mchanga, kwa kuwa kinu hakikuwa na haja nayo, na radiamu huzaa radoni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo ilipanda kwa nyufa za sakafu ikajaa katika vyumba walimolala watoto. Uchotaji ulikomeshwa mnamo 1966. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzirekebisha nyumba hizo mwaka 1972, na nyingine pana zaidi mwaka 1978. Na kabla kazi haijakwisha, viwanja na majengo zaidi ya 4,000 yalikuwa yamesafishwa, sakafu zikivunjwa na udongo ukifukuliwa kutoka chini ya nyumba zinazokaliwa. Mchanga ambao mjenzi hakuulipia hata senti moja ukalipiwa na taifa zima. Sweden nayo, tangu 1929 mpaka 1975, ilitengeneza zege jepesi la rangi ya samawati kwa kutumia mwamba mweusi wenye urani, na hadi leo wenye nyumba za namna hiyo hupima radoni vyumbani mwao.

Nani atakayesema kwamba hayo hayawezi kutufika? Fosfeti ya Minjingu, huko Manyara, inajulikana kuwa na urani nyingi kuliko mawe ya kawaida. Atakayependekeza mabaki yake yafyatuliwe matofali sharti aanze na kipimo cha mionzi, kabla ya kuleta kalibu, na chombo cha kupimia kimo nchini, katika Tume ya Nguvu za Atomu iliyoko Arusha. Umoja wa Ulaya umeweka milisiveti 1 kwa mwaka kuwa ndicho kiwango cha kuangaliwa kwa mionzi itokayo katika vifaa vya nyumba, nacho chaweza kuwa mwanzo wetu pia. Katika machimbo ya Geita, Kahama na Chunya, mchanga uliokwisha kukamuliwa dhahabu na wachimbaji wadogo, wanaouita marudio, hupita kwanza kwenye zebaki na kisha kwenye sayanidi. Ni mwororo, umesagwa, na umekaa kando ya vijiji vyenye haja kubwa ya matofali. Kishawishi hakihitaji kuelezwa.

Wapo wajuzi wanaojibu kwamba saruji huifungia sumu ndani yake isitoke, nao hawasemi uwongo. Baadhi ya madini mazito hukamatwa kweli na magadi ya saruji, na njia hiyo hutumiwa kuzituliza taka kabla ya kuzizika. Ila kuizika taka iliyotulizwa ni jambo moja, na kuizungushia familia ni jambo jingine. Risasi na zinki huchelewesha kuganda kwa saruji yenyewe. Zebaki hutoa mvuke hata pasipo moto. Na radoni haizuiliki kwa tofali. Tena ukuta una mwisho wake: siku utakapobomolewa, kifusi kitapondwa na kujazwa katika kiwanja cha mtu mwingine, na karatasi ya vipimo, kama ilikuwako, haitakuwa na mtu wa kuikumbuka.

Hapa niseme neno juu ya plastiki, kwa kuwa watu hawaachi kuiuliza. Nzambi Matee wa Nairobi, mwanzilishi wa Gjenge Makers, ambaye huchanganya plastiki iliyotupwa na mchanga na kufyatua matofali ya kutandikia njia, alitunukiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020, na anastahili heshima hiyo, hasa kwa kuwa alichagua vizuri mahali pa kuyaweka, yaani chini ya nyayo, katika nyua na njia za wazi. Wale wanaotaka kuyapandisha matofali ya namna hiyo katika kuta za vyumba vya kulala naomba wafikiri juu ya moto, na juu ya moshi wa plastiki katika nyumba yenye mlango mmoja.

Ama gharama, ambayo wengi huiweka mbele, mimi naiweka hapa kwa sababu huamuliwa na mambo mawili tu. La kwanza ni umbali: mabaki ni mazito na bei yake ni ndogo, lori huimaliza faida yake upesi, na majivu ya Mbarali yatamfaa mjenzi wa Mbeya, hayatamfaa wa Tanga. La pili ni nani anayebeba mzigo wa kupima. Tukimwachia mfyatua matofali wa kando ya barabara, hatapima, kwa kuwa hana chombo wala nauli. Mzigo huo ni wa yule aliyeyazaa mabaki, ambaye angelazimika kulipa ili ayatupe kwa halali. Ayakabidhi pamoja na hati yenye jina la tanuri, tarehe, na matokeo ya kila fungu, na mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yaijue hati hiyo na kuikagua. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefanya kazi njema ya kueneza matofali yanayofungamana. Tofali la mabaki lahitaji mwenezi wa namna hiyo, mwenye kalibu mkono mmoja na hati mkono wa pili.

Liko jambo moja ambalo silikubali kabisa, nalo ni desturi ya kuyataja mabaki pamoja na nyumba za bei nafuu, kana kwamba kifaa ambacho mwenye uwezo hakitaki kwake ni haki ya maskini kukipokea. Tofali likiwa limepimwa na kuthibitika, na lianze kujengea ofisi ya halmashauri, nyumba ya mhandisi aliyeliidhinisha, na zahanati ambayo wote huingia. Maskini wa Grand Junction na tajiri wake walivuta radoni ileile; kwetu, wenye kuweza kuhama watahama, na wasioweza watabaki na ukuta.

Kwa majivu ya mpunga na ya miwa sioni cha kungojea. Pumba zipo, majiko ya moto wa wastani yaweza kujengwa na mafundi wetu wenyewe, vyuo vyenye maabara ya zege vipo, na kubadili sehemu moja katika kumi ya saruji kwa majivu yaliyopimwa hakumhatarishi mtu. Kwa marudio ya dhahabu na mabaki ya fosfeti jibu langu ni hapana, mpaka kila rundo lipimwe peke yake. Na kabla ya hapo marundo hayo yafunikwe udongo, yazungushiwe ua, yawekewe bango kwa Kiswahili kilicho wazi, na malori ya mchanga yazuiliwe kuyafikia.